Kukuza pilipili ndani ya nyumba, kutoka mbegu hadi tunda lililoiva

Pilipili iliyoota shambani hupata jua, upepo, mvua na nyuki bila wewe kujisumbua. Ukiileta ndani, kazi zote hizo nne zinakuangukia wewe. Nimekuza pilipili chumbani kwa miaka kadhaa sasa, na karibu miche yote niliyopoteza iliuawa na kitu kimoja kati ya viwili: maji kupita kiasi au mwanga hafifu. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye hayo mawili. Mengine nitayapitia haraka, maana pilipili ni mmea mvumilivu na makosa madogo unayastahimili.

Jambo la kuliweka akilini kabla ya yote ni muda. Tangu siku ya kusia hadi kuchuma tunda lililoiva, hesabu miezi minne hadi mitano kwa aina za kawaida, na sita au zaidi kwa aina kali sana. Mwezi wa pili mche wako utakuwa bado unaenea kwenye kikombe. Hapo hakuna kilichoharibika.

Kuchagua mbegu

Pilipili zinazolimwa duniani ni za spishi tano, na kwa mkulima wa ndani tatu ndizo za kufikiria. Ya kwanza ni Capsicum annuum, ambayo ndani yake mna pilipili hoho, jalapeño, cayenne na nyingi za zile ndefu nyembamba. Inaota upesi na kuzaa mapema, nami humshauri kila anayeanza aanze nayo. Ya pili ni Capsicum frutescens, yenye vitunda vidogo vinavyotazama juu. Ya tatu ni Capsicum chinense, ukoo wa pilipili mbuzi na habanero: harufu tamu ya tunda, ukali wa kutoa machozi, na uotaji wa taratibu unaohitaji moyo. Jina hilo chinense ni kosa la mtaalamu wa mimea wa karne ya 18, Nikolaus von Jacquin, aliyedhani imetoka China. Pilipili zote asili yake ni bara la Amerika.

Kama nafasi ni finyu, tafuta aina zenye kimo cha sentimita 30 hadi 50. Zipo nyingi, na zinazaa vizuri kwenye chungu kidogo. Soma pia pakiti: mbegu zilizoandikwa F1 ni chotara. Zitakupa mmea mzuri, ila mbegu utakazotoa kwenye matunda yake hazitafuata mama. Kama unataka mbegu zako mwenyewe za msimu ujao, nunua zisizo chotara.

Unaweza pia kuanza na mbegu za pilipili iliyo jikoni kwako, mradi tunda liwe limeiva na kubadilika rangi kabisa. Tunda la kijani lina mbegu ambazo hazijakomaa, na nyingi hazitaota. Mbegu zilizokaa zaidi ya miaka mitatu nazo hupungua nguvu, kwa hiyo sia nyingi zaidi ya unazohitaji.

Kusia: joto kwanza

Watu wengi husia mbegu, hungoja wiki moja, wasione kitu, kisha huongeza maji. Hapo ndipo mbegu huoza. Mbegu ya pilipili inaamshwa na joto. Kwenye udongo wa nyuzi joto 30 za Selsiasi, miche ya annuum hutokeza baada ya siku 8 hivi. Kwenye nyuzi 20 ni siku 12 au 13. Kwenye nyuzi 15 ni siku 25, na kwenye nyuzi 10 hazioti kabisa. Tazama tofauti hiyo: mbegu ni ileile, maji ni yaleyale, ila moja inatoka baada ya siku nane na nyingine inakaa gizani karibu mwezi mzima ikipigana na ukungu. Aina za chinense ni wazito zaidi. Hata kwenye joto zuri zinaweza kuchukua wiki mbili hadi nne, na nimewahi kuona moja ikitokeza wakati trei nilikuwa nimeshalikatia tamaa.

Basi tafuta mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 30 mchana na usiku. Mkeka wa umeme wa kuotesha mbegu ni kitu kizuri kama unao. Kama huna, juu ya friji au karibu na kifaa chochote kinachotoa joto la wastani panafaa. Pima joto la udongo wenyewe, maana udongo wenye unyevu huwa na ubaridi kuliko hewa ya chumba.

Udongo wa kusia uwe mwepesi, unaopitisha maji, na usiwe na mbolea nyingi. Mimi huchanganya sehemu mbili za vumbi la makumbi ya nazi na sehemu moja ya perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe zinazofungua udongo) au mchanga mkavu uliooshwa. Udongo wa bustani usiuingize ndani hata ukiwa mweusi na wa kuvutia. Kwenye chombo kidogo unashikamana kama tofali, na unakuja na mayai ya wadudu na vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche.

Loweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa 12 hadi 24. Jaza udongo kwenye vikombe vidogo vyenye matundu chini, ulowanishe kabla ya kusia, kisha weka mbegu mbili kila kikombe kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja. Funika kwa udongo, gandamiza kidogo kwa kidole, halafu funika kikombe kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Unyevu unaobaki ndani ya mfuko mara nyingi hutosha hadi mbegu ziote. Shika udongo kidogo ukabane kati ya vidole viwili: ukitoa matone, umezidisha maji, ukishikana bila kutoa tone, uko sawa.

Mbegu hazihitaji mwanga ili kuota. Zinauhitaji dakika ileile zinapotokeza, kwa hiyo chungulia kila asubuhi. Kitu cha kwanza utakachoona ni shingo nyeupe iliyojikunja kama kishikio cha kikombe, kichwa bado kikiwa ardhini. Baada ya saa kadhaa inajinyoosha na kuinua majani mawili membamba, yaliyochongoka, wakati mwingine yakiwa bado yamevaa ganda la mbegu kama kofia. Usilivute kavu. Weka tone la maji juu ya ganda, ngoja robo saa, kisha liteleze taratibu kwa ncha ya kijiti. Ukilivuta kwa nguvu litang'oka pamoja na majani, na mche wenyewe utabaki kijiti kisicho na kitu.

Mche ukishatokeza, toa plastiki siku hiyohiyo.

Mwanga

Macho yetu si kipimo kizuri cha mwanga, kwa sababu mboni hujirekebisha yenyewe. Chumba unachokiona kinang'aa usiku kina lukisi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500 hivi. Nje jua la saa sita linafika lukisi 100,000. Ukiweka mche katikati ya chumba chenye taa ya kawaida, kwake ni karibu na giza, na utafanya kile kila mmea hufanya gizani: utarefuka ukitafuta jua, ukiwa mwembamba, mweupe shingoni, umelala upande mmoja. Mche uliorefuka hivyo haurudi ulivyokuwa.

Dirisha linalopigwa na jua moja kwa moja kwa saa sita au zaidi linaweza kutosha aina fupi, ukikumbuka kugeuza chungu robo mzunguko kila siku mbili. Kwa wengine wote, jibu ni taa ya LED nyeupe. Usibabaishwe na taa za zambarau. Taa nyeupe ina rangi zote ambazo mmea unazitumia, na chini yake unaona majani yalivyo, jambo lenye thamani kubwa siku unayotafuta wadudu.

Angalia wati halisi zinazovutwa na taa kwenye umeme, achana na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ikilinganisha na taa za zamani. Kwa mmea mmoja unaozaa, wati halisi 30 hadi 40 zinatosha. Kwa eneo la sentimita 60 kwa 60 lenye mimea mitatu au minne, tafuta kama wati 100. Kuta za pembeni zipake rangi nyeupe au tundika ubao mweupe, ili mwanga unaokimbilia pembeni urudi kwenye majani.

Umbali wa taa unategemea nguvu yake, kwa hiyo nitakupa kipimo badala ya sentimita. Kuna programu za simu zinazopima lukisi. Hazina uhakika wa maabara ila zinakupa picha. Weka simu pale kilele cha mche kilipo, kioo kikitazama taa. Kwa miche michanga lenga lukisi 10,000 hadi 15,000. Kwa mmea unaotoa maua na matunda, 25,000 hadi 35,000. Kama huna simu ya kupimia, soma mmea. Mapengo marefu kati ya jani na jani ni njaa ya mwanga: shusha taa. Majani ya juu yanayojikunja kama mtumbwi, au yanayofifia rangi sehemu iliyo karibu na taa, yanasema mwanga ni mkali: inua taa. Weka pia kiganja kwenye kimo cha mche kwa nusu dakika. Kama mkono unachomeka, jani nalo linachomeka.

Washa taa saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha zima. Pilipili haihitaji ujanja wa kubadilisha saa ili itoe maua, huyatoa ikifika umri wake. Inachohitaji ni usiku wa kweli wa kupumzika, na saa zisizobadilikabadilika. Nunua taima ya kuunganisha kwenye soketi, itawasha na kuzima hata ukisafiri. Na kwa kuwa hapa maji na umeme vinakaa jirani, panga nyaya ziwe juu ya kimo cha vyungu, zikiwa zimelegea kidogo na kuinama kabla ya kufika kwenye soketi, ili maji yakitiririka kwenye waya yadondokee chini badala ya kuingia kwenye umeme.

Upepo, kinyausi na mikono yako

Hewa iliyotulia ndani ya chumba huleta matatizo mawili. La kwanza ni mashina dhaifu. Shina linalotikiswa na upepo hunenepa, lisilotikiswa hubaki kama uzi. La pili ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea wanaoishi kwenye udongo wenye maji mengi. Mche unaonekana mzima jioni, asubuhi unaukuta umelala, na ukiutazama kwa karibu shina pale linapogusana na udongo limekuwa kahawia na limebonyea kama limebanwa na koleo. Huo haupati dawa. Utoe pamoja na udongo wake, usiwagusie wengine.

Kinga ni rahisi: feni ndogo inayovuma polepole, miche ikitikisika kidogo tu, na uso wa udongo unaoachwa ukauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza miche tisa kati ya kumi na miwili kwa wiki moja, kwa kuwa nilikuwa nanyunyizia maji kila asubuhi nikidhani ndiyo kupenda. Feni na chupa ya kunyunyizia iliyowekwa kabatini vilimaliza tatizo hilo.

Na kama unavuta sigara, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche. Virusi vya batobato ya tumbaku, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, vinaweza kukaa kwenye tumbaku ya sigara, na pilipili ni ya familia moja na tumbaku.

Kuhamisha

Majani mawili ya kwanza ni ya mbegu. Yanayofuata, yenye umbo la jani la pilipili, ndiyo majani ya kweli. Mche ukiwa na majani ya kweli manne hadi sita, na mizizi ikianza kuonekana kwenye matundu ya kikombe, uhamishie kwenye chungu cha lita moja. Ukiwa na kimo cha sentimita 15 hadi 20, uhamishie kwenye chungu cha mwisho: lita 5 kwa aina fupi, lita 10 hadi 15 kwa aina kubwa. Usirukie chungu kikubwa moja kwa moja. Mizizi midogo haiwezi kunywa maji ya udongo wote ule, na udongo unaokaa umelowa wiki nzima unaoza mizizi.

Shika mche kwa jani, usiushike shina. Jani likichanika litaota lingine, shina likibonyea mche umekwisha. Uzike kwa kina kilekile ulichokuwa nacho, au sentimita moja zaidi kama uliyumba. Tofauti na nyanya, pilipili haina haraka ya kutoa mizizi kwenye shina lililofukiwa, hivyo kuuzika sana hakuna faida kubwa.

Udongo wa chungu cha mwisho uwe na chakula. Mimi hutumia sehemu mbili za makumbi ya nazi, sehemu moja ya mboji iliyoiva vizuri isiyo na harufu kali, na sehemu moja ya perlaiti. Uchachu wa udongo ukiwa kati ya pH 6.0 na 6.8 mmea unachukua virutubisho bila shida.

Kumwagilia kwa kupima uzito

Hapa ndipo ningependa utulie. Usimwagilie kwa ratiba. "Kila baada ya siku mbili" haina maana kwa mmea, kwa sababu mche mdogo kwenye chungu kikubwa unaweza kukaa wiki bila kuhitaji maji, na mmea wenye matunda chini ya taa kali unaweza kumaliza chungu kwa siku moja.

Fanya hivi. Mwagilia chungu vizuri hadi maji yatoke chini, acha yachuruzike, kisha kinyanyue kwa mikono miwili. Huo ndio uzito wa kushiba. Kinyanyue tena kesho na keshokutwa. Siku moja utakinyanyua na mikono yako itashtuka kwa wepesi wake, kama ndoo uliyodhani ina maji kumbe ni tupu. Ukiingiza kidole hadi kifundo cha pili hukuti unyevu. Siku hiyo ndiyo ya kumwagilia. Baada ya wiki mbili mikono itakuwa imezoea na hutahitaji kidole.

Ukimwagilia, mwagilia kweli: polepole, kuzunguka chungu chote, hadi kama sehemu moja ya kumi ya maji uliyomimina itoke chini. Kikombe kimoja cha juujuu hulowanisha uso tu na kuiacha mizizi ya chini na kiu. Maji yaliyotoka yamwage baada ya nusu saa, chungu kisikae kwenye dimbwi. Tumia maji yenye joto la chumba, maana maji ya baridi kali hushtua mizizi.

Mmea uliolegea majani unaweza kuwa na kiu, na unaweza pia kuwa umezama. Dalili zinafanana, kwa sababu mizizi iliyooza nayo haiwezi kunyonya maji. Nyanyua chungu kabla ya kuchukua jagi. Kikiwa chepesi, mpe maji na ndani ya saa mbili atasimama. Kikiwa kizito, mwache, ongeza feni, ngoja. Ukiona chini ya majani vipele vidogo kama chembe za mchanga, hiyo nayo mara nyingi ni ishara kwamba mmea umekunywa kuliko majani yanavyoweza kutoa jasho.

Mbolea

Mche usipewe mbolea hadi uwe na majani ya kweli manne. Kuanzia hapo mpe mbolea ya maji yenye uwiano sawa, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kila wiki mbili, na kila wiki ukishakuwa mkubwa. Vichipukizi vya maua vikitokea, badilisha uende kwenye mbolea yenye potashi nyingi na naitrojeni kidogo, kama ile inayouzwa kwa ajili ya nyanya. Naitrojeni ikizidi utapata kichaka kizuri cha kijani kilichokolea, majani mapana kama kiganja, na hakuna tunda.

Majani ya chini yakigeuka manjano kuanzia kwa mzee kwenda kwa mchanga, mmea una njaa ya naitrojeni. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, mara nyingi pH imepanda na madini ya chuma yamekwama kwenye udongo. Ncha za majani zikiungua kahawia, mbolea imezidi: mwagilia maji matupu mengi yapite, kisha punguza kipimo.

Kukata kilele

Mmea ukiwa na majani ya kweli nane hivi, kata kilele juu kidogo ya jani la sita kwa mkasi safi. Utachelewa wiki moja au mbili, lakini matawi yatatoka pembeni na mmea utakuwa mfupi, mpana, wenye sehemu nyingi za maua, na chini ya taa iliyo juu umbo hilo ndilo linalopata mwanga kote. Aina fupi sana na aina za chinense hujitawanya zenyewe, ziache.

Shina likigawanyika mara ya kwanza kama manati, ua moja hutokea katikati ya panda hilo. Mimi hulitoa. Tunda la hapo huvuta chakula wakati mmea bado unajenga mwili. Matawi yakianza kulemewa, simika kijiti chembamba na uufunge mmea kwa uzi laini uliolegea.

Kuwa nyuki

Ua la pilipili lina dume na jike ndani yake, kwa hiyo mmea mmoja unatosha. Kinachokosekana ndani ni mtikisiko. Tazama ua lililofunguka kwa karibu: katikati kuna kijiti cha kijani, hilo ndilo jike, na kukizunguka kuna vifuko vitano au sita, kwenye annuum nyingi vyenye rangi ya samawati iliyoingia zambarau. Ua likiwa jipya vifuko hivyo vinang'aa na vimefunga. Baadaye vinapasuka ubavuni na kuacha unga mweupe, ndiyo chavua. Ukipitisha kidole ukaona kimepakwa unga, wakati ndio huo.

Gonga shina la ua kwa kidole mara tatu nne, au pitisha brashi laini ya kuchorea ndani ya kila ua, kila siku katikati ya saa za taa. Mswaki wa umeme ukiugusisha nyuma ya ua kwa sekunde moja hufanya kazi hiyo vizuri kabisa, kwa sababu unalitetemesha ua kama nyuki anavyofanya. Ua lililoshika hunyauka petali, kisha kikonyo chake kinanenepa na kuinama. Lisiloshika hugeuka manjano kwenye kikonyo na kuanguka ukiligusa.

Maua yakianguka mengi, pima joto kabla ya kulaumu mbolea. Mchana ukipita nyuzi 32 hivi, au usiku ukiwa juu ya 24 au chini ya 15, mmea huyatupa. Taa yenyewe hupasha chumba, kwa hiyo kwenye msimu wa joto iwashe usiku na kuizima mchana. Unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 70 unafaa.

Wadudu

Ndani hakuna maadui wa asili wa kuwala, kwa hiyo kidukari mmoja anakuwa ukoo. Majike ya vidukari huzaa bila dume, tena huzaa watoto walio hai. Kila unapomwagilia, geuza majani matatu na utazame upande wa chini. Vidukari hukaa makundi kwenye ncha changa na kuacha utomvu unaonata. Utitiri ni mdogo kiasi cha kutoonekana vizuri kwa macho, ila huacha vidoti vya rangi hafifu juu ya jani na utando mwembamba kati ya majani. Visubi vinavyoruka ukigusa chungu hutoka kwenye udongo unaokaa umelowa. Acha sentimita mbili za juu zikauke na weka kadi za manjano zenye gundi.

Kwa vidukari na utitiri, peleka mmea bafuni na uoshe upande wa chini wa majani kwa maji ya msukumo, ukiwa umefunika udongo kwa mfuko. Kisha changanya mililita 5 za sabuni ya maji isiyo na manukato kwenye lita moja ya maji, jaribu kwenye jani moja, ngoja siku moja, halafu nyunyiza mmea wote taa ikiwa imezimwa. Mafuta ya mwarobaini nayo yanafaa, kwa kufuata kipimo cha chupa. Rudia kila baada ya siku nne au tano, mara tatu au nne, maana sabuni haiui mayai.

Tunda

Tangu ua kushika hadi tunda kuiva ni wiki 7 hadi 10. Huwa kubwa na kijani kwa muda mrefu, hadi mtu anadhani limegoma, kisha rangi hugeuka ndani ya siku chache. Tunda likitokea doa la kahawia, kavu, lililobonyea kwenye ncha yake, huko ni kuoza kitako: kalsiamu haifiki kwenye tunda, na mara nyingi chanzo ni kumwagilia kusiko na mpangilio, chungu kukauka kabisa leo na kufurika kesho. Toa tunda hilo na urudi kwenye kunyanyua chungu.

Kata tunda kwa mkasi ukiacha kikonyo. Ukilivuta litaondoka na tawi. Ukali hauko kwenye mbegu kama wengi wanavyoamini, bali kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, na mbegu huupata kwa kugusana nao. Kemikali yake, kapsaisini, haiyeyuki vizuri kwenye maji, ndiyo maana kunawa maji matupu hakusaidii. Paka mikono mafuta ya kula, sugua, kisha nawa kwa sabuni. Kwa aina za chinense vaa glavu tangu mwanzo, wala usiguse macho.

Kwa mbegu za msimu ujao, chagua tunda lililoiva kupita la kula, kwenye mmea uliozaa vizuri kuliko wote. Kama una aina zaidi ya moja zinazotoa maua pamoja, zitachanganya chavua, kwa hiyo kabla ua halijafunguka livishe kifuko chepesi cha kitambaa, litikise kila siku, na likishashika lifunge uzi wa rangi kama alama. Kausha mbegu kwenye sahani mahali penye kivuli na hewa kwa wiki moja au mbili, hadi ukiipinda moja ivunjike badala ya kukunjika. Zitie kwenye bahasha ya karatasi, andika aina na tarehe, uweke ndani ya chupa yenye kifuniko mahali pa baridi na pakavu.

Mmea wenyewe usiutupe. Pilipili huishi miaka kadhaa. Mavuno yakipungua, kata matawi yote ubakize panda la kwanza na vifundo viwili vitatu juu yake, badilisha udongo wa juu, punguza maji hadi machipukizi yatokee. Safari hii una mizizi iliyokomaa, na maua yatakuja wiki nyingi kabla ya yale ya mche uliosiwa siku hiyohiyo.